Wajomba wa Daktari

Iko nchi moja, si mbali na si karibu, ambayo jina lake serikali imelifungia kabatini ili lisichakae kwa kutajwatajwa na wananchi. Nasi tuliache humo humo. Ni nchi njema. Ina bendera mbili, ya siku za kazi na ya sikukuu, ina Wizara ya Maunganisho, na ina watu wapole ambao wakikanyagwa huomba radhi kwa kuuweka mguu mahali pasipofaa.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Kisimani, aliishi Bi Riziki Shomvi, mshenga. Hapakuwa na ndoa ya maana pale mtaani ambayo haikupita kinywani mwake. Baba aliyeapa kwamba binti yake hataolewa na fundi baiskeli, akishazungumza na Bi Riziki kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, alijikuta yeye ndiye anayeuliza tarehe. Na hakuwa mwongo. Kama kijana alikuwa mvivu, alisema wazi kwamba ni mvivu, kisha akaeleza uvivu ule utakavyowafaa watu wa nyumbani. Kwa ukweli wake huo aliaminiwa kuliko mahakama.

Huzuni yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa na jina. Msabaha alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, na Bi Riziki ndiye aliyemlea tangu hajaota meno. Alikua akawa fundi rangi hodari, mpaka siku alipoanguka kutoka juu ya jukwaa akilipaka rangi jengo la Idara ya Usalama Kazini. Hospitali walimpa vidonge vya maumivu. Vidonge vikaisha, maumivu yakabaki, na marafiki wakamwonyesha unga wa kulevya. Tangu hapo vitu vya nyumbani vilianza kutoka kimoja kimoja: redio, pasi, sufuria kubwa ya shughuli, na mwisho mlango wa choo. Majirani waliulilia ule mlango kuliko mwenyewe. Bi Riziki alichokuwa akikililia ni yule kijana, aliyekuwa akiyeyuka mbele ya macho yake huku bado anamwamkia kila asubuhi kwa adabu.

*

Serikali nayo haikulala. Ilipeleka ujumbe ng'ambo kutazama wenzetu wanavyotibu ugonjwa huo. Ujumbe ukaona ajabu. Mtu anaingia ofisini kwa daktari wa kawaida, daktari wa mafua na presha, anakaa kitini, anazungumza naye, anapewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi, kisha anakwenda zake kazini. Wajumbe walipiga picha kile kiti, wakanunua zawadi za familia zao, wakarudi.

Kwa haki ya Mungu, mengi yalifanyika. Dawa ziliagizwa na zikafika. Kila mtaa daktari mmoja alipewa mafunzo na kabati lenye kufuli. Likabaki jambo dogo tu, nalo ni namna ya mgonjwa na daktari kukutana.

Kikao kikaitwa. Afisa mmoja mgeni kazini akasema labda mgonjwa aende kwa daktari. Waliokuwa karibu naye wakasogeza viti, na kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshahamishiwa Idara ya Mihuri Iliyopotea.

Hapo akasimama Waziri wa Maunganisho, Mheshimiwa Mhandisi Luteni Mstaafu Mwinjuma Tarumbeta, ambaye hakuwahi kusimama mahali kwa muda mfupi.

"Sisi si watu wa porini," alisema. "Tangu lini mtu mwenye heshima zake akaingiliwa mlangoni na asiyemjua, hajatumwa wala hajatambulishwa? Kwetu watu wawili wakitaka kuunganishwa, wana wazee, wana mshenga, wana posa. Basi mgonjwa ataposa, na daktari ataposwa."

Makofi yalipigwa hata nje ya ukumbi, na waliokuwa nje hawakujua ni ya nini. Siku ile ile ikapita kuwa sera.

Kwa sera hiyo kila daktari akawa mwari. Na kwa kuwa mwari hajisemei, kila mmoja alipewa wajomba watatu wa serikali, wastaafu wenye sifa safi, wakae kwenye mkeka mlangoni pa ofisi yake, wapewe kahawa na feni, na wapokee posa. Daktari wa Kisimani alikuwa Dokta Anania Mbwambo, mwanamume wa ndevu na kitambi, mwenye wajukuu. Alipoambiwa kwamba yeye ni mwari aliomba arudiwe. Akarudiwa. Akauliza kama anaweza kukataa, akaambiwa kwamba mwari mwema huinamisha kichwa.

Washenga nao walihitajika, na pale Kisimani nani mwingine? Bi Riziki aliitwa wizarani, akapewa mwavuli wenye nembo ya taifa na kanga rasmi iliyoandikwa SUBIRA YA MGONJWA NDIYO FURAHA YA WIZARA. Aliisoma ile kanga, akaikunja maandishi yakawa ndani. Lakini kazi aliipokea palepale, bila hata kuuliza masharti, maana posa ya kwanza aliyoikusudia moyoni ilikuwa ya Msabaha.

*

Ile dawa ilikuwa na tabia yake. Haitaki kukutana na unga mwilini. Ikiukuta humo inamtesa mgonjwa maradufu. Inamtaka mtu aliyeacha tangu jana, arosto imeshamkamata. Na arosto aliyewahi kuishuhudia haisahau. Mifupa inauma, pua na macho vinatiririka, ngozi inasisimka, mtu anapiga miayo na kutapika na kutetemeka kwenye jua kali. Kwa hiyo kila siku ya kwenda kwa daktari ilimpasa Msabaha ajitie mwenyewe kwenye mateso hayo tangu jana yake. Alikubali.

Siku ya posa Bi Riziki alimkalisha kwenye benchi nje, chini ya ule mwavuli wa taifa, akaingia na barua iliyofungwa kwenye kitambaa cha hariri. Wajomba walimpokea kwa taadhima. Mkubwa wao, Mzee Chambuso, alikuwa zamani Mkurugenzi wa Mizani na Vipimo, na mpaka leo kila neno lake alilitoa kana kwamba limepimwa. Wakanywa kahawa, wakala halua, wakaulizana habari za watu waliokufa zamani. Kisha Mzee Chambuso akasema posa imepokewa, ila jibu haliwezi kutoka siku hiyo hiyo, watu wasije wakasema daktari wao wamemwokota. Wangechunguza tabia za kijana kama mila inavyotaka. Arudi wiki ya pili.

Maneno hayo hayo Bi Riziki mwenyewe ameshawaambia mabwana harusi wengi wenye haraka zao, akiwacheka kidogo. Alitoka nje akamweleza Msabaha. Kijana alimtazama kwa macho yanayovuja, akainuka, na kabla jua halijazama alikuwa kwenye jengo lisilokwisha nyuma ya soko, walikokuwa wenzake.

Wiki ya pili akajitesa tena, akaja tena, benchi lile lile. Ndani, safari hii halua haikuletwa.

"Bi Riziki, sisi tunakuheshimu," Mzee Chambuso alianza. "Tumeuliza kwa majirani, tumeuliza dukani, tumeuliza msikitini. Tumesikia jambo zito." Akashusha sauti kwa ajili ya stara. "Kijana wako anatumia unga."

"Ndiyo maana ameposa."

"Sasa mama, nani atampa mwari wake mtu wa unga?"

Bi Riziki alieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni njia, kwamba huyu daktari na lile kabati na kile kidonge vimewekwa pale kwa ajili ya watu wa unga na si wengine. Wajomba walimsikiliza kwa huruma. Mzee Chambuso akamjibu kwamba sera hawaipingi, ila tabia ni tabia. Kijana aache kwanza. Akae safi mwaka mmoja, wamwone, kisha aje kwa heshima zake atibiwe ili aache.

Bi Riziki alisimama, akavaa viatu vyake, akavivaa kinyume, wala hakugundua mpaka alipofika nyumbani. Alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo kwa mtu aliyempa kahawa.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba Wizara haikuunganisha watu. Iliunganisha sana. Mtoto wa hakimu, kijana ambaye hata soda ya rangi hanywi, aliposa akakubaliwa siku ya tatu. Waliletwa wapiga ngoma, pilau likaliwa ofisini, vigelegele vikapigwa, na Dokta Anania, akiwa ameinamisha kichwa kama alivyofundishwa, akampima bwana harusi presha, akamkuta mzima, akamwambia arudi nyumbani. Wakafuata wengine wa aina yake, walimu wa madrasa, wanakwaya, na kipa wa timu ya Jeshi la Zimamoto. Mwisho wa msimu Waziri Tarumbeta alitangaza redioni kwamba katika wagonjwa wote waliounganishwa na madaktari hakuna hata mmoja anayetumia unga. Nchi jirani zikatuma wataalamu kuja kujifunza.

*

Mgonjwa wa kweli alipenya mmoja tu. Huyo ni Kheri Bungala, aliyekuwa akilala na Msabaha kwenye lile jengo lisilokwisha. Baba yake alikuwa Katibu Tarafa, na wajomba walipopita mtaani kuuliza habari zake, hakupatikana mtu aliyekuwa na ujasiri wa kujua lolote. Uchunguzi ukarudi mweupe. Posa ikakubaliwa.

Msabaha aliifurahia habari ile kuliko Kheri mwenyewe. Alimwambia mama yake mdogo kwamba Kheri akishaonja ile dawa atawaeleza wenzake ilivyo, na huenda na wajomba wakalainika. Kumbe Waziri naye alikuwa amesikia kwamba safari hii bwana harusi ni mtoto wa Katibu Tarafa, akataka kuihudhuria shughuli mwenyewe. Siku ikapangwa, Waziri akawa safarini. Ikapangwa nyingine, Waziri akawa na mafua. Kila ilipopangwa Kheri alijitesa kwa arosto tangu jana, akaja, akarudishwa, akarudi kwenye unga akiwa na mwili uliokwisha kuzoea unga mdogo. Mara ya tatu kipimo chake cha kawaida kilimzidi. Alikutwa alfajiri kwenye lile jengo, ameegemea ukuta kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Msabaha ndiye aliyemfumba macho, na ndiye aliyemfunga taya kwa kipande alichochana kwenye shati lake. Alirudi nyumbani na shati lenye upande mmoja. Akakaa kizingitini, akamwambia Bi Riziki kwamba Kheri alikuwa na ruhusa na bado amekufa, sasa yeye asiye na ruhusa anangoja nini. Bi Riziki alimjibu maneno ambayo hata yeye hakuyasikia. Alikuwa anaogopa. Alijua, kama mtu anavyojua mvua itanyesha, kwamba wa pili kwenye ule ukuta atakuwa huyu wake.

Wizara ilitoa salamu za rambirambi, nzuri mno, zikasomwa mara mbili. Hazikuwaendea wazazi wa Kheri. Zilimwendea mfiwa aliyetambulika kisera, naye ni Dokta Anania Mbwambo, aliyeachwa na mchumba wake katika ua la ujana. Na kwa kuwa nchi ile haifanyi mambo nusunusu, daktari akakalishwa eda. Ofisi ilifungwa kwa wagonjwa. Akavishwa shuka jeupe, akaketishwa chini kwenye godoro, akaondolewa kioo, manukato, na kile kifaa cha kusikilizia moyo, kwa sababu kinang'aa na kinavaliwa shingoni, kwa hiyo ni pambo. Shehe mmoja alikwenda wizarani kueleza kwamba eda si ya wanaume, wala si ya wachumba. Alishukuriwa, akaambiwa hiyo anayoizungumza ni dini, na hii ni sera.

*

Habari ya eda ilimkuta Bi Riziki akichambua mchele. Alimsikiliza jirani aliyeileta mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka, na jirani akaenda kumtafuta mtu wa kumsomea.

Wala hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa amekumbuka kitu ambacho kila mtoto wa nchi ile anakijua: harusi ina kadi na mwaliko na wajomba wa kukaa mlangoni, lakini msiba hauna mwenyewe. Msibani huingia rafiki na adui, mwenye viatu na asiye navyo, na hakuna anayeulizwa ametumwa na nani. Miezi yote hiyo amekuwa akiuzunguka mlango wa harusi. Sasa serikali, kwa wema wake, ilikuwa imefungua mlango wa matanga.

Jioni ile alimwita Msabaha, akamwambia asiende popote, aanze kuvumilia tangu saa hiyo.

"Mama mdogo," alisema Msabaha, "nimechoka kuumwa bure."

"Kesho huumwi bure. Kesho tunakwenda kumhani mfiwa."

Hakumweleza zaidi, maana angemweleza angeingiwa na haya. Usiku kucha alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi na kumpangusa kinyesi na matapishi, na asubuhi akamvalisha kanzu ya marehemu baba yake. Mwavuli wa taifa aliuacha nyuma ya mlango. Yeye alijitanda kanga kuukuu, akachukua birika la uji wa msibani, wakaenda kwa miguu, hatua moja moja, kijana ameegemea bega lake.

Mlangoni wajomba walikuwa wamekaa kwenye mkeka ule ule, ila sasa wamevaa sura za kupokea mkono wa pole. Mzee Chambuso alimwona Msabaha kwa mbali. Macho ya kijana yalikuwa mekundu na yanamwagika, pua inachuruzika, mwili wote unatetemeka, meno yanagongana. Alifika mbele ya mkeka akaanguka.

"Huyu alimpenda marehemu," alisema Mzee Chambuso, na sauti yake ikakosa vipimo.

"Walikuwa wakilala ukuta mmoja," Bi Riziki alijibu, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Mzee alitoa leso yake, akampangusa Msabaha pua kwa mkono wake mwenyewe. Akasema kwamba katika waombolezaji wote waliopita pale, na walipita wakubwa, hajaona aliyelia kwa dhati namna hii. Akaamuru asiachwe nje na uchungu wote huo, aingizwe ndani kabisa, akae ubavuni pa mfiwa. Wajomba wawili wakamwinua kwapani, wakampitisha mlango ambao hakuwahi kuupita, Bi Riziki nyuma yao, wakamweka juu ya godoro la daktari, wakatoka kinyumenyume.

*

Dokta Anania alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani, ndevu zimechungulia. Alimtazama kijana aliyeletwa. Akamshika mkono, akamkunjua kope, akamtazama tena. Kisha akalivua lile shuka.

"Huyu mgonjwa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa kitu alichosoma vitabuni tu. "Mama, huyu ni mgonjwa kweli."

"Ni wako, baba. Amekuposa mara mbili."

"Sijaambiwa hata mara moja. Miezi yote nimekaa humu na dawa kabatini, naletewa watu wasioumwa niwapime presha. Kwa nini hamkubisha hodi?"

"Tuliambiwa una wajomba."

Ilikuwa wazi kwamba hata daktari wajomba wale wamemchosha, ila alikuwa mtumishi wa umma. Akamgeukia Msabaha, akamwuliza mara ya mwisho ametumia lini. Jana alasiri. Ameanza kuumwa lini? Tangu usiku, na saa hii angependa kufa. Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema vizuri, vizuri sana. Ni mtu wa kwanza aliyemwambia Msabaha kwamba kuna kitu amekifanya vizuri.

Ufunguo alikuwa ameuficha ndani ya soksi, wajomba wasiuone wakauita kikuku. Akafungua kabati, akatoa kidonge kidogo, akamwekea chini ya ulimi. Akamweleza asimeze, asiteme, wala asifungue mdomo kuzungumza mpaka kiyeyuke chote, maana kikimezwa kitapotea bure. Msabaha akafumba midomo. Bi Riziki akakaa sakafuni, akamshika kidole gumba cha mguu, kama alivyokuwa akimshika utotoni akiwa na homa.

Hawakukaa sana. Nje vilisikika ving'ora, kisha bendi, kisha Waziri.

Mheshimiwa Tarumbeta alikuwa amekuja kumpa pole mjane wa taifa, akifuatana na redio ya taifa inayotangaza moja kwa moja. Daktari aliwahi kujifunika shuka. Chumba kikajaa waheshimiwa. Waziri akasimama katikati, akazungumza juu ya mapenzi, uzalendo, na barabara ya lami inayotarajiwa. Hotuba ilikuwa ndefu, na tangu ashike wadhifa huo, hiyo ndiyo siku ya kwanza urefu wake kumfaa mtu. Kidonge kiliendelea kuyeyuka. Mtetemeko wa mabega ya Msabaha ulipungua, na Bi Riziki, aliyekuwa akiyatazama mabega yale tu, aliuona ukipungua.

Kisha Waziri akamwona. Akaambiwa na Mzee Chambuso kwamba huyu ndiye mfiwa mkubwa baada ya daktari. Akaguswa sana. Akainama, akamsogezea kipaza sauti, akamtaka kwa niaba ya wafiwa wote aishukuru serikali.

Msabaha alimtazama, midomo imefumbwa.

"Usiogope, kijana. Nchi nzima inakusikiliza."

Nchi nzima ikasikiliza, na ikasikia kimya. Kwenye vibanda vya kahawa watu walizipiga redio zao makofi, wakidhani betri zimekwisha, kwa sababu haijawahi kutokea mwananchi akasogezewa kipaza sauti asiishukuru serikali. Waziri alitabasamu, akangoja, akaacha kutabasamu. Walinzi wakasogea hatua moja.

"Mheshimiwa," alisema Bi Riziki pale chini, "ana dawa mdomoni. Akikushukuru itamwagika."

"Na aiteme. Ashukuru, kisha apewe nyingine."

Chumba kizima kikamtazama kijana. Hapo ndipo shuka lilipoinuka, na kutoka chini yake ikatoka sauti nzito ya mwari.

"Asiteme."

Hakuna aliyejua la kufanya. Katika taratibu zote za Wizara hapakuwa na kifungu juu ya mjane anayemkatalia Waziri. Msabaha alikuwa akitokwa na jasho. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyefundishwa kwamba mkubwa akikusemesha unaitika. Alimtazama Waziri, akawatazama walinzi, akamtazama mama yake mdogo. Bi Riziki alikibana kile kidole gumba. Msabaha akafumba midomo zaidi, mpaka ikawa mstari, na machozi yakamtoka, na haya hayakuwa ya arosto.

Basi ikabidi wangoje. Waziri alitafuta pa kukaa, hapakuwa na kiti, akaletewa lile benchi la nje. Waheshimiwa wakasimama ukutani. Bendi haikuthubutu kupiga. Redio ya taifa iliendelea kutangaza pumzi za serikali.

Hatimaye kidonge kikaisha. Msabaha akapitisha ulimi mdomoni, akahakikisha. Rangi ilikuwa imemrudia kidogo usoni, na pua imekauka. Mtangazaji akawahi kumsogezea kipaza sauti. Waziri akajiweka sawa kwenye benchi.

"Mama mdogo," alisema Msabaha, "nasikia njaa."

Neno hilo lilikuwa limefutwa kwenye redio ya taifa miaka mingi iliyopita, na mahali pake kuwekwa "hamu ya chakula iliyochelewa". Mitambo ikazimwa. Mtangazaji akatupa kipaza sauti kama kimemchoma, Waziri akasimama akiuliza nani amemtuma huyu, na Mzee Chambuso akaapa kwamba yeye anamfahamu kwa kulia tu. Kwenye vibanda vya kahawa watu walitazamana, halafu wakacheka taratibu, wamefunika vinywa.

Bi Riziki hayo yote hayakumfikia. Mtoto wake hakuwa ameomba chakula tangu mlango wa choo haujauzwa. Alimshika uso kwa mikono miwili, akilia waziwazi mbele ya serikali, akamwuliza apikiwe nini. Msabaha alifikiri sana, kwa kuwa ni muda mrefu hajaulizwa swali la namna hiyo, kisha akasema angependa wali wa nazi na kisamvu, na kama upo, ukoko.